Sentrifuji Inapoanza Kutikisika

 

Jioni ya leo nina mashine moja ya kuzungumzia, mashine ambayo wengi wetu imetuhudumia bila sisi kuiona. Umefika maabara, umekunja mkono wa shati, mtaalamu amekutoa damu kwenye tyubu yenye kifuniko chekundu, ameandika jina lako juu yake, kisha akasema, "Mama, subiri hapo nje, tutakuita." Wewe unakwenda kukaa. Damu inaachwa kama nusu saa igande, halafu inaingizwa kwenye sentrifuji. Hilo ni sanduku zito lenye kifuniko. Ndani yake kuna mota iliyosimama wima, na juu ya mota kuna kichwa kinachozunguka, chenye matundu au vikombe vya kubebea tyubu. Kichwa hicho ndicho rota. Kinazunguka mara 3,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika kumi hivi. Chembe nyekundu zinasukumwa chini na juu yake yanabaki majimaji ya manjano mepesi. Humo ndimo daktari anamosoma habari za figo na ini lako. Na mama aliyetokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, kabla ya kuongezewa damu, damu yake hulinganishwa na ile atakayopewa, na katika kulinganisha huko mashine hiyo hiyo inahitajika.

Sasa siku moja mashine inaanza kutikisika. Kwanza kidogo, glasi zilizo mezani zinagongana. Baada ya wiki mbili inatembea yenyewe juu ya meza. Mtu mmoja anaikandamiza kwa mkono mpaka ishike kasi. Mwingine anakunja kitambaa anakiweka chini yake. Mwingine anapunguza kasi ili kelele ziishe, na hapo majibu ya wagonjwa yanaanza kuharibika kimyakimya kwa sababu damu haikutengana vizuri. Mwisho wake mashine inashushwa chini ya meza, inaandikwa karatasi kwamba ni mbovu, na sampuli zinaanza kusafirishwa. Kutoka hapa Tunduru mpaka Songea ni zaidi ya kilomita 260. Lami imetupunguzia mateso ya zamani, ya malori kukwama kwenye tope siku nzima, lakini kilomita hazijapungua, na mama anayetokwa na damu hana muda wa kusubiri gari liende lirudi.

Ninalotaka kulisema leo ni moja. Mtikisiko una chanzo, chanzo kinatafutika, na mara nyingi kinatafutika hapa hapa, kwa mizani, pima maji, bisibisi na subira. Kinachotakiwa ni kuuliza maswali kwa mpangilio.

Tuanze na hesabu ndogo, kwa sababu bila hiyo mtu hawezi kuamini kwamba kitu kidogo kinaweza kuleta fujo kubwa namna ile. Chukua rota ambayo tyubu zake zinazunguka umbali wa sentimita 15 kutoka katikati. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, kila kitu kilicho kwenye ukingo ule kinasukumwa kwenda nje kwa nguvu inayozidi uzito wake mara 1,500. Kwa hiyo ukiacha upande mmoja gramu moja zaidi ya upande wa pili, gramu moja tu, mhimili wa mota unavutwa pembeni kwa nguvu sawa na mzigo wa kilo moja na nusu. Na mzigo huo unazunguka: unavuta kulia, mbele, kushoto, nyuma, mara 50 katika kila sekunde moja. Ukiongeza kasi mara mbili, nguvu hiyo inaongezeka mara nne. Ndiyo maana fundi wa tairi anabandika vipande vidogo vya risasi kwenye rimu ya gari. Kanuni ni ile ile, ila tairi la gari haliendi mbio kiasi hicho.

Kwa hiyo swali la kwanza ni la upakiaji, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo matatizo mengi yanapozaliwa.

Tuseme binti wa maabara anampigia simu fundi wa vifaa tiba.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, binti yangu. Kuna nini?"

"Sentrifuji inatikisika sana, fundi. Nimeizima."

"Umefanya vizuri. Inatikisika ikiwa na tyubu au ikiwa tupu?"

"Tupu sijajaribu."

"Basi jaribu kwanza, nipo kwenye simu."

Swali hilo moja linaigawa kazi nzima katika mafungu mawili. Rota ikizunguka tupu kwa utulivu, mashine ni nzima, na kosa liko kwenye kilichowekwa ndani. Ikitikisika hata tupu, ndipo tunaingia kwenye mashine yenyewe.

Kosa la upakiaji lina sura nyingi. La wazi ni la kuweka tyubu moja bila mwenzake upande wa pili. Watu wengi wanalijua hilo, kwa hiyo wanaweka tyubu ya maji kusawazisha. Vizuri, lakini maji na damu havina uzito mmoja. Mililita 5 za maji zina gramu 5. Mililita 5 za damu zina kama gramu 5.3. Ukitazama kwa macho tyubu zimelingana kabisa, kina ni kile kile, kumbe kuna tofauti ya gramu 0.3, na kwa ile hesabu yetu hiyo ni karibu nusu kilo inayovuta pembeni. Mashine nyingi za mezani zinalivumilia hilo. Zisizovumilia zitakwambia. Sasa ongeza jambo jingine: tyubu moja ni ya kioo na nyingine ni ya plastiki. Hapo tofauti ni gramu kadhaa, na hakuna mashine itakayokaa kimya. Zilinganishe kwa mizani, tyubu na kifuniko chake na kilichomo, ndipo uzipe nafasi zinazotazamana.

Kuna hili pia la idadi. Rota yenye matundu sita inaweza kubeba tyubu mbili zinazotazamana, na inaweza kubeba tatu ukiruka tundu moja moja, maana zitakaa kwa nafasi sawa kuzunguka duara. Tyubu tano haiwezi, hata uzipange vipi. Lazima uongeze ya sita. Rota ya matundu manane haipokei tatu. Mtaalamu aliyelielewa duara lake hapotezi muda wala hapotezi beringi.

Kwenye mashine zenye vikombe vinavyoning'inia, zile ambazo vikombe vinalala ubavu vikianza kuzunguka, angalia ndani ya kila kikombe. Chini kuna kipande cha raba cha kukalia tyubu. Kimoja kinapotea siku ya kuosha, kinaingia kwenye ndoo na maji machafu, hakuna aliyeona. Kuanzia siku hiyo kikombe kile ni chepesi kuliko mwenzake daima, na mashine "imeharibika". Vikombe vingi vimegongwa uzito wake ubavuni tangu kiwandani, na vinakwenda kwa jozi. Vikioshwa pamoja kisha vikarudishwa ovyo, jozi zinachanganyika. Tazama pia pini mbili ambazo kila kikombe kinaning'inia juu yake. Zikikauka au zikishika kutu, kikombe kimoja kinalala ubavu kabisa na mwenzake kinaishia njiani. Uzito ni sawa, umbali kutoka katikati si sawa, na mtikisiko ni ule ule. Dawa yake ni kufuta pini na kupaka grisi kidogo, ile aliyoitaja mtengenezaji kwenye kitabu cha maelekezo. Ni kazi ya dakika chache.

Hapa niingize onyo. Ukisikia kitu kimepasuka ndani, zima, na usifungue. Tyubu iliyovunjika kwa kasi ile imeirusha damu hewani, matone madogo yasiyoonekana kwa macho. Mwongozo wa usalama wa maabara wa Shirika la Afya Duniani unasema mashine iachwe imefungwa kama dakika 30 ili matone yatue, ndipo mtu avae glavu nene na kuokota vipande kwa koleo. Tusimtoe mtu kafara kwa haraka ya kutaka kujua kilichovunjika.

Haya, tuseme tumetoa kila kitu, tumepima vikombe, na bado inatikisika tupu. Swali la pili: imesimama juu ya nini? Weka pima maji juu ya sanduku, kwa urefu na kwa upana. Meza ya mbao iliyolegea miguu, au sakafu iliyotitia upande mmoja, inatosha kuleta shida. Bonyeza miguu ya raba kwa kidole gumba. Raba iliyozeeka kwa joto la kwetu inakuwa ngumu kama kwato. Ndani, chini ya mota, kuna raba nyingine tatu au nne zinazoishika mota ili mtikisiko mdogo usifike kwenye sanduku. Hizo zikikatika, badilisha zote kwa pamoja na kwa ugumu ule ule. Ukibadilisha moja tu, mota inainama.

Swali la tatu nalipenda kuliko yote, kwa sababu halihitaji kifaa chochote zaidi ya sikio na kiganja. Izungushe rota tupu mpaka kasi yake ya kawaida, kisha ukate umeme, uache kifuniko kimefungwa, na usikilize inavyopungua mpaka isimame.

Mtikisiko ukitoweka pale pale ulipokata umeme, wakati rota bado inakwenda mbio, basi chanzo ni cha umeme. Mtikisiko ukibaki na kupungua taratibu pamoja na kasi, chanzo ni uzito usiolingana, au mhimili uliopinda, au beringi. Na ukiona inatulia, kisha ikifika kasi fulani ya chini inachachamaa kwa sekunde chache, halafu inatulia tena mpaka mwisho, hapo usiogope haraka. Kila kitu kilichosimama juu ya raba kina kasi yake kinayopenda kuyumba, na sentrifuji inaipita kasi hiyo mara mbili, wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Mtikisiko wa kupita ni wa kawaida. Ukiongezeka mwezi hadi mwezi ndipo uulize kuhusu raba na uzito.

Jambo hili lilimshughulisha sana Gustaf de Laval, mhandisi wa Sweden, yule aliyetengeneza mashine ya kutenganisha malai na maziwa mwaka 1878. Kazi ile ilikuwa ya sentrifuji kabisa, ila kilichotenganishwa ni maziwa badala ya damu. Baadaye, akitengeneza mitambo ya mvuke iliyozunguka kwa kasi kubwa mno, Laval alitumia mhimili mwembamba unaokubali kupinda. Wengi wangedhani mhimili mnene ndio salama. Yeye alionyesha kwamba mhimili mwembamba ukishapita ile kasi yake ya kuyumba, rota inajitafutia yenyewe kitovu cha uzito wake na kuzunguka kwa utulivu. Ndiyo maana sentrifuji nyingi zinawekwa juu ya raba laini: zipite mapema kasi ya kuyumba, zikiwa bado taratibu, kisha zitulie huko juu. Na ndiyo maana mtu anayeikandamiza mashine kwa mikono wakati inapanda anaharibu mpango mzima. Anaikaza mahali ilipotakiwa kulegea.

Turudi kwenye umeme, maana Ruvuma tuna historia nao. Kabla ya njia ya umeme ya Makambako hadi Songea kukamilika mwaka 2018, mkoa wetu kwa sehemu kubwa uliishi kwa jenereta za dizeli, na vipo vituo vya afya vijijini vinavyotegemea sola na inveta. Inveta za bei nafuu hutoa umeme wenye mawimbi ya ngazi ngazi, na mota ikilishwa umeme huo inanguruma na kupata joto. Umeme wa gridi nao una sauti yake. Unabadilika mara 50 kwa sekunde, na mngurumo wake kwenye sumaku za mota husikika mara 100 kwa sekunde. Bahati mbaya rota inayokwenda mizunguko 3,000 kwa dakika nayo inazunguka mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo sikio linaweza kuchanganya. Shusha kasi iwe 2,000. Sauti ya uzito itashuka nayo. Mngurumo wa umeme utabaki palepale. Mota nyingi za mashine za mezani zina brashi za kaboni. Zikiisha utaona cheche kali, utasikia harufu ya kuungua, na kasi itapanda na kushuka yenyewe. Chomoa waya ukutani, zitoe brashi, zilinganishe urefu, badilisha zote mbili, futa vumbi jeusi. Brashi ni kitu kidogo cha bei ndogo, na mashine nyingi zimetupwa kwa ajili yake.

Sasa beringi. Ukiwa umechomoa umeme na kutoa rota, shika mhimili kwa vidole viwili uuzungushe polepole. Beringi nzima inateleza bila kusema neno. Iliyochoka unaisikia kwenye ncha za vidole, kama kuna mchanga. Kisha sukuma mhimili kulia na kushoto. Ukicheza, hata kwa unene wa karatasi, andika. Chukua penseli uifunge kwenye kitu kisichotikisika, ncha yake ikaribie mhimili bila kuugusa, halafu uzungushe kwa mkono: nafasi kati ya ncha na chuma ikipanuka na kufinyika kila mzunguko, mhimili umepinda. Mhimili hupinda pale mtu anaponyanyua rota kwa kuivuta upande, au mashine ilipoanguka ikishushwa kwenye gari. Angalia pia sehemu rota inapokalia mhimili. Kipande cha kioo kidogo kilichobaki hapo, au damu iliyokauka, kinaiinamisha rota yote, na nati ukiikaza juu yake umeukaza ulemavu.

Beringi yenyewe ina namba imeandikwa ubavuni, na namba hizo ni lugha moja dunia nzima. Ukiona 608, tundu lake ni milimita 8, kipenyo cha nje 22, unene 7. Ukiona 6201, tundu ni 12, nje 32, unene 10. Herufi ZZ maana yake imefunikwa kwa bati pande zote mbili. 2RS imefunikwa kwa raba. Ukiandika namba hizo kwenye karatasi, muuza vipuri vya pikipiki ana nafasi nzuri ya kuwa nazo, au atakwambia zinapatikana wapi. Ila usinunue ya bei ya kutupwa. Ile mashine ndogo ya kupimia wingi wa damu kwa mirija myembamba inakwenda mizunguko 10,000 mpaka 12,000 kwa dakika, na beringi hafifu haitafika mbali kwa kasi hiyo.

Vijana wangu wenye simu za kisasa, nanyi mna kazi. Simu nyingi zina kihisi cha kupima mtikisiko. Ipo programu ya bure iitwayo phyphox, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, inayochora mtikisiko huo kwenye kioo. Kuna kikomo cha kujua. Kihisi kinachosoma mara 100 kwa sekunde hakiwezi kukuonyesha vizuri kitu kinachotikisika mara 50 au zaidi. Kwa hiyo pima kwa kasi ndogo: mizunguko 1,200 kwa dakika ni mara 20 kwa sekunde, na simu za kawaida zinaliweza hilo. Ifunge simu kwa utepe wa gundi ubavuni mwa sanduku, kamwe si juu ya rota.

Ukishakuwa na namba, kuna mbinu nzuri ya mafundi wa kusawazisha feni na mota, nayo inahitaji karatasi na bikari tu. Chukua rota ya matundu sita, weka tyubu tupu zinazofanana katika yote, uizungushe kwa kasi hiyo ndogo, uandike kipimo cha mtikisiko. Kisha weka maji nusu mililita kwenye tyubu ya kwanza, zungusha, andika. Hamisha maji hayo hayo mpaka tundu la tatu, zungusha, andika. Halafu tundu la tano. Sasa chora duara ambalo nusu kipenyo chake ni kile kipimo cha mwanzo, weka alama tatu juu yake kwa nafasi sawa, moja kwa kila tundu ulilojaribu, na kutoka kila alama chora duara kwa kipimo ulichokipata hapo. Maduara matatu yatakutana karibu na mahali pamoja. Mstari kutoka katikati kwenda mahali hapo unaelekea upande ulio mwepesi. Mimi naiona ni mbinu ya heshima kubwa: vipimo vinne, na kitu kilichojificha kinajitaja chenyewe. Ukishaujua upande, nenda ukaangalie kuna nini huko, raba imepungua, kikombe si chake, tundu limeliwa na kutu. Usibandike uzito kwenye rota ya maabara, na usiitoboe. Rota ilisawazishwa kiwandani; ikiwa haiko sawa leo, kuna kilichoibadilisha.

Na hapo ndipo fundi mwema anapojua pa kusimama. Rota yenye ufa, yenye vishimo vya kutu chini ya matundu, au iliyoanguka sakafuni, haitengenezwi. Inatolewa kazini. Desemba 1998, katika Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, rota ya alumini ya sentrifuji ya kasi kubwa ilivunjika ikiwa inazunguka na sampuli za maziwa. Mashine iliharibika kabisa, kishindo kikavunja madirisha ya chumba. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyeumia. Mashine zetu za mezani hazifiki kasi ile, lakini ugonjwa unaoua rota ni ule ule: chuma kinachoka kidogo kidogo, mzunguko kwa mzunguko, na adui yake mkubwa katika maabara zetu ni klorini. Tunaitumia kuua vijidudu, na tunapaswa kuitumia kwa kadiri tuliyoelekezwa, ila ikiachwa kwenye alumini inaila. Baada ya klorini suuza kwa maji safi, kausha kwa kitambaa, kisha ilaze rota kifudifudi mpaka ikauke kabisa. Na mashine zenye swichi ya kujizima zenyewe zikitikisika, swichi hiyo msiiunge moja kwa moja ili kazi iendelee. Nawasihi.

Mtu ataniuliza, haya yote ni ya nani huku kwetu? Mwaka 2010 Robert Malkin na Allison Keane wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha uchambuzi wa maombi ya matengenezo kutoka hospitali 60 katika nchi 11 zenye uhaba. Walikuta kwamba karibu theluthi mbili ya vifaa vilivyokuwa havifanyi kazi viliweza kurudi kazini kwa ujuzi wa msingi: umeme, mitambo, mota, mabomba, na kumwelekeza mtumiaji. Hilo linanipa matumaini na linanikera kwa wakati mmoja. Linanikera kwa sababu maana yake ni kwamba vifaa vingi vimelala stoo vikiwa na ugonjwa mdogo. Mwaka 2013 mwanasayansi Manu Prakash wa Chuo Kikuu cha Stanford alitembelea Uganda, akakuta sentrifuji inatumika kuzuia mlango usifunge, kwa kuwa umeme haukuwepo. Aliporudi yeye na wenzake walitengeneza sentrifuji ya karatasi na uzi, kwa mfano wa kile kifuniko cha soda kilichopondwa ambacho watoto wetu wanakitoboa, wanapitisha uzi na kukivuta mpaka kinavuma. Waliitangaza mwaka 2017. Ilifika mizunguko 125,000 kwa dakika kwa gharama ya senti 20 za Marekani. Naivulia kofia kazi ile. Lakini nawaza pia kuhusu ile iliyokuwa mlangoni, na nyingine zilizo kama hiyo mahali ambapo umeme umeshafika.

Mafundi wanasomeshwa. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, inafundisha stashahada ya uhandisi wa vifaa tiba, na vijana wake wanatufaa sana huku kusini. Halmashauri ikimpata mmoja, impe zana na nauli ya kufika kwenye vituo. Lakini fundi mmoja hawezi kuwa kila mahali, wilaya yetu ni pana mno, kwa hiyo macho ya kwanza ni ya mtu wa maabara mwenyewe. Nimwachie kazi moja rahisi.

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, izungushe rota tupu kwa kasi ile ile, kata umeme, hesabu sekunde mpaka isimame kabisa. Kwa mashine yenye breki, izime breki kwanza kama kitabu chake kinaruhusu. Andika tarehe na sekunde kwenye daftari, na pembeni neno moja kuhusu sauti. Ikiwa mwezi wa kwanza ilikuwa ikisimama kwa sekunde 70, na sasa imefika 50, kisha 40, kuna kitu kinaikaba, na mara nyingi ni beringi inayokauka. Utaligundua kabla mashine haijaanza kutembea mezani. Siku hiyo mpigie fundi simu, umsomee namba zote tangu ya kwanza. Hata akiwa Songea, ataijua beringi ya kuja nayo kabla hajapanda basi.